Salamu kwa Bwana Kijiti

Posta, chumba cha nyuma,
Jumatano, wakati wa mapumziko.

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na wale wanafunzi wako wa kushona hawajavunja sindano nyingine. Jirani na jogoo wake je? Bado anawika mchana kweupe kana kwamba jua linamngoja yeye? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na sare ya kazi uliyonipunguzia kiuno imeanza kunibana, jambo ambalo wewe utalifurahia na mimi nalionea haya kidogo.

Najua umeigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza, huyu mtoto ana simu, anahangaikia nini na stempu? Kwanza, simu zimenitoka moyoni, na ukisoma utaelewa. Halafu, jambo lenyewe nikilianza kwa simu utanikatiza, utapandisha sauti, nami nitapandisha yangu, na mwishowe tutakuwa tumegombana kabla hujajua tunagombania nini. Barua haikatizwi. Kwa hiyo kaa kitini, mkasi uweke mbali na mkono, usome hadi chini. Na kama kuna mtu hapo dukani anakuhimiza usikilize kitu kwenye simu yake, mwambie asubiri umalize kwanza. Tafadhali, dada.

Unakumbuka jinsi nilivyoipata kazi hii ya ulinzi. Ulivaa gauni lako la kutokea, ukaenda kumwona Bibi Mkuu wa posta, uliyesoma naye, ukamwambia kwamba mdogo wako ana mwili mkubwa na hasira za karibu, lakini moyo wake ni safi, na kwamba akivuruga, lawama ni juu yako. Ya duka la magodoro tunayajua sote wawili, hakuna haja ya kuyafukua. Bibi Mkuu akanipokea kwa majaribio. Siku ileile aliniambia waziwazi kwamba mlango wa posta hauhitaji ngumi, unahitaji mtu wa kusema karibu, foleni inaanzia huku. Nikimgusa mtu, niiache kofia mezani niende zangu, na yeye mwenyewe atakupigia simu kukueleza kwamba neno lako kwake limekwisha. La kofia halikunitisha. La neno lako ndilo lililonikaa kifuani.

Sasa, mji huu umevamiwa na mtu mmoja ambaye watu wanamwita Bwana Kijiti, kwa sababu ya kile kijiti anachofungia simu yake. Kazi yake ni kuingia mahali penye watu, kuwasogezea simu usoni na kuwauliza mbona wanaogopa, wanaficha nini, wamemfanya nani nini, mpaka mmoja achemke. Mtu akishachemka, Bwana Kijiti anarudi nyuma kwa unyonge, sauti imelegea, anawaomba watazamaji wake wajionee jinsi raia mwema anavyoonewa. Ikifika jioni mji mzima unacheka. Fundi viatu anayekaa hapo nje ya posta alimrushia kiatu. Wakakiwekea muziki, kiatu kinaruka, kinarudi, kinaruka tena. Tangu siku hiyo wateja wanamwomba awarushie kidogo kwanza ndipo watoe kazi. Muuza nyama alimwonesha kisu kwa mbali tu, na sasa hata mkewe anamwita Kamanda. Mimi pia nilicheka, nisikufiche. Kile kiatu nilikuwa nakitazama kabla ya kulala.

Tukaja kusikia kwamba posta ndiyo inayofuata. Bibi Mkuu akatukusanya wote kabla ya kufungua, akatueleza kwamba ukumbi wa mbele ni wa watu wote, akitaka kupiga picha kuta na benchi apige, ila nyuma ya kaunta hana ruhusa. Kubishana naye ni kumpa kile alichokijia. Tuwe wakavu, alisema, tusiwe na ladha yoyote, mtu akitutazama apige miayo. Tukafanya mazoezi. Karani wa vifurushi, mwanamke mpole ambaye hata kupiga chafya huomba radhi, alifunga stepla kwenye ncha ya rula akajifanya ndiye Bwana Kijiti. Akampitia muuza stempu, hakutikisika. Akampitia mfagizi, naye akaendelea kufagia. Aliponifikia mimi akaniuliza, kwa sauti ya kubana pua, kama kofia yangu inanibana kwa sababu ya ubongo au kwa sababu ya uji. Sijui nini kilinipata. Nilipozinduka stepla ilikuwa mkononi mwangu na karani alikuwa amepanda juu ya kaunta. Bibi Mkuu alinitazama mimi, kisha akaitazama kofia.

Bwana Kijiti alipokuja mara ya kwanza niliamua kujikaza kisabuni. Nilisimama wima pale mlangoni, macho kwenye saa ya ukutani, mdomo nimeufunga kama bahasha. Aliniuliza jina, sikujibu. Aliniuliza kama nalipwa kwa kodi za wananchi au kwa kilo, sikujibu. Alinizunguka, akapiga picha kiatu changu, sikio langu, na ile sehemu ya shati ambapo kifungo kinateseka. Nikavumilia hadi akachoka akaondoka, na karani wa vifurushi akanipigia makofi. Nikadhani nimeshinda.

Jioni nikajikuta nimekuwa Sanamu ya Posta. Kwenye video alikuwa ameniwekea njiwa wa kuchora, anatua kichwani mwangu, anajisaidia, na mimi simo. Kesho yake watu walikuja posta bila barua wala kifurushi, wamekuja kupiga picha na mimi. Mtoto mmoja alinifinya paja kuona kama nahisi. Dada, nilihisi. Hata mwenye chumba ninachopanga, ambaye hajawahi kunisemesha isipokuwa kwa habari ya maji, alinigongea mlango kuniuliza kama yule njiwa alikuwa wa kweli.

Kwa hiyo aliporudi mara ya pili, Ijumaa iliyopita, mimi sikuwa mtu wa kutaniwa. Foleni ilikuwa imejaa hadi kwenye masanduku ya barua. Alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu, mzee mwenye suti na mwavuli, ambaye huja kila mara kuulizia kifurushi kinachotoka kwa mwanawe. Nyuma yake alisimama mama mmoja wa makamo, kabeba mkoba mkubwa. Bwana Kijiti akaingia na kijiti chake, akatangaza kwamba yuko mubashara, watazamaji wajiandae. Yule mama alipoisikia sauti hiyo akampokonya mwalimu mwavuli, akaufungua mlemle ndani, akajibanza nyuma yake na kugeukia ukuta.

Ungemwona Bwana Kijiti alivyofurahi! Hapo alikuwa amepata asali. Akamsogelea, akaanza kuuliza kwa nini raia anajificha, ametenda kosa gani, mumewe anajua yuko hapa, au ndani ya mkoba kuna kitu cha watu. Mama akauvuta mwavuli hadi mabegani. Bwana Kijiti akazidi kuchutama na kusogeza kijiti chini ya mwavuli, na kila mama alipogeuka, kijiti kiligeuka naye. Watu kwenye foleni walitazama chini. Kila mmoja aliogopa kuwa kiatu kinachofuata.

Damu ikanichemka. Nakueleza ukweli ambao sijamwambia mtu mwingine hapa. Kila anayeisimulia habari hii anausifu utulivu wangu. Hakukuwa na utulivu wowote. Niliacha mlango, nikakata ukumbi, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeinuka tayari kumshika shingo. Nilikuwa naiona kofia mezani. Nilikuona wewe na gauni lako la kutokea, unapokea simu. Na bado nilikuwa nakwenda.

Ila unakumbuka ulivyonilea. Kwetu mtu hagombani na mtu ambaye hajamsalimia. Yule kijana aliyening'oa jino uwanjani, ulinirudisha kwake huku natoka damu nikamwamkie kwanza, ndipo tukaendelea. Basi nilipomfikia Bwana Kijiti mkono ukiwa juu, mdomo ukatangulia wenyewe. Nikamwambia, "Habari za asubuhi, ndugu yangu?"

Na yeye, kabla hajafikiri, akaitikia kwamba ni nzuri.

Hapo ndipo alipoteleza. Angenyamaza, au angenitukana, nadhani leo ningekuwa nakuandikia kutoka mahali pengine. Lakini mtu akishaitikia salamu ameshaingia ndani, huwezi tena kumpiga, na yeye hawezi tena kukutukana, inabidi mwendelee hadi mwisho. Mkono nikaushusha nikampa. Akaupokea kwa mkono wake mtupu, kijiti kikayumba. Nikamuuliza habari za nyumbani. Salama. Habari za kazi. Anashukuru. Ameamkaje? Vizuri. Na huko alikotoka, mvua imeanza? Akasema bado kidogo, huku akijaribu kuuvuta mkono, lakini mimi mkono wa mtu ninapoushika kwa salamu siuachii upesi, nawe unajua.

Mwalimu mstaafu hapo akapata nafasi yake. Alikuwa amekerwa muda mrefu kwamba kijana mdogo kama huyu amempitishia simu usoni bila kumwamkia, kwa hiyo akasogea, akakohoa, akasema marahaba. Alikuwa hajapewa shikamoo yoyote. Akasimama akingoja. Bwana Kijiti akamtazama, akaitazama simu, na hapana shaka aliona watu walivyokuwa wanamwandikia huko, kwa sababu uso ulimshuka. Karani wa vifurushi alikuwa anafuatilia chini ya kaunta, na anasema yalimiminika maneno kama kumi tu ya matusi na mengine yote yakimwambia ampe mzee shikamoo yake. Akaitoa. Mwalimu akaitikia upya, kwa kirefu, kisha akataka kujua ni mtoto wa nani na alisoma shule gani. Wazee wengine wawili wakatoka kwenye foleni, wakajipanga nyuma ya mwalimu wakisubiri zao.

Mimi nilikuwa bado nimeshika mkono. Nikaona nisimwache katikati, salamu ina sehemu zake. Nikamuuliza baba. Akasema baba alishatangulia. Tukampa pole, ukumbi mzima, hata mfagizi aliegemeza ufagio. Nikamuuliza, na mama je, hajambo? Akasema mama hajambo, anamshukuru Mungu, yuko nyumbani amepumzika.

"Siko nyumbani," ukasema mwavuli.

Dada, naapa, hata saa ya ukutani nilihisi imesimama. Mwavuli ukafungwa taratibu, na nyuma yake akatokea yule mama, mdogo kwa umbo, macho yamejaa machozi na hasira kwa pamoja. Alikuwa mamake mzazi. Bwana Kijiti alikuwa amemzunguka mara tatu nne, amempiga picha viatu, mkoba, hata vidole, na hakumtambua, kwa sababu alikuwa anatazama kile kioo kidogo tu, mamake hakumtazama.

Mama yule hakupiga kelele. Alisema alikuwa ameambiwa mwanawe ni mwandishi wa habari. Majirani wote amewaambia hivyo, na dukani amekuwa akikopeshwa heshima kwa ajili hiyo. Alipoisikia sauti yake mlangoni alijificha asije akaaibika naye mbele za watu, maana alikuwa ameshaanza kusikia minong'ono. Hakujua kwamba ni yeye atakayekuja kuchokonolewa chini ya mwavuli na mtoto aliyemnyonyesha. Kisha akanyoosha kiganja. Bwana Kijiti akaitoa simu kwenye kijiti mwenyewe, akamkabidhi. Mama akaitumbukiza mkobani, akafunga zipu, akamwamuru aanze mwanzo wa foleni, amsalimie kila mtu na kumwomba radhi. Akafanya hivyo, kichwa chini, mmoja baada ya mmoja. Fundi viatu aliitwa kutoka nje naye akapewa yake, akalia.

Mimi sikumgusa mtu isipokuwa kwa mkono wa salamu. Bibi Mkuu alisimama nyuma ya kioo muda wote, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Baadaye aliniita ofisini, akaniambia majaribio yamekwisha, kofia ni yangu mpaka nizeeke, na neno la dada yangu kwake sasa ni zito kuliko la wakaguzi. Kwa hiyo, dada, habari njema ndiyo hiyo. Kazi ninayo.

Lakini aliponiambia hayo Bibi Mkuu aliniuliza pia kama wewe umeshasikia. Nikamjibu utasikia nini, nimeshinda. Akanihurumia, akaniwekea simu yake mezani nisikilize. Sasa tafadhali mkasi uwe bado uko mbali.

Wakati Bwana Kijiti anaizunguka foleni, mamake alikaa kwenye benchi karibu na mlango wangu kutuliza moyo. Kwa kuwa nami nilikuwa nimemuuliza mwanawe habari za kwao, naye akaniuliza za kwetu. Yule mama anajua kuuliza, dada. Hakuridhika na hawajambo. Akataka kujua nina nani. Nikamwambia nina dada. Na dada hajambo? Nikaanza na goti. Kutoka kwenye goti nikafika kwa jogoo, na jinsi ulivyomwapia jirani kwamba siku moja utamshonea jogoo wake kofia ya kufunika mdomo. Kutoka kwa jogoo, sijui nilipitia wapi, nikafika kwa fundi redio. Nilimweleza kwamba kuna fundi redio mjane, mtu mtaratibu, anayekuletea suruali ileile kila wiki, na kila wiki imechanika palepale, na kwamba mshono wako haujawahi kuchanika kwa mtu mwingine. Nilimweleza kwamba dada yangu anajifanya haoni, lakini vifungo vizuri anamwekea yeye, na siku asipokuja anawafokea wanafunzi. Nikamwambia kwa kinywa changu hiki kwamba unampenda, na kwamba hutasema mpaka mzeeke nyote wawili.

Mdomo haukuwa na breki. Nilikuwa nimetoka kwenye hatari, na mama wa watu alikuwa ananipapasa mkono na kusema maskini, ehe, halafu?

Simu ilikuwa mkobani. Mkoba ulikuwa mapajani mwake. Na hakuna aliyekuwa ameizima.

Watu walisikiliza giza, dada. Kwenye kioo hapakuwa na picha, zipu tu, na bado hakuna aliyeondoka, waliongezeka. Wanajua goti lako. Wanajua jogoo. Wanaandika kuulizia habari za fundi redio, na kuna waliogawanyika, wengine wanasema umfuate wewe, wengine wanasema aje yeye. Kama sokoni kuna mtu usiyemjua amekuuliza goti linaendeleaje, ndiyo hivyo. Ni mimi. Nilimwona Bwana Kijiti mtu mbaya kwa kuwaanika watu wasiomwomba, na mimi siku hiyohiyo nimemwanika mtu wangu wa pekee, bila hata kijiti. Naona aibu hadi masikioni. Nisamehe. Ukitaka kunifokea nifokee, nitasimama kama sanamu.

Mwisho wa maongezi yale kuna neno moja, na hilo ndilo hasa sitaki ulisikie kwanza kutoka kwenye simu ya mtu. Yule mama aliniuliza nani alinifundisha kusalimia namna ile. Nikamwambia ni wewe. Kwamba tangu tulipobaki wawili wewe ndiye baba na mama, kwamba ulishona mchana na usiku ili mimi nivae viatu, kwamba goti hilo ni pedali ya cherehani, na pedali ni ada yangu ya shule. Akaniuliza kama nimeshawahi kukushukuru. Nikanyamaza. Kwenye simu unausikia ukimya wenyewe, mrefu kweli. Kisha nikamwambia sijawahi, naona haya, nitaanzia wapi.

Basi naanzia hapa, ambapo hakuna anayetazama wala kusikiliza. Asante, dada. Kwa viatu, kwa goti, kwa kila mara uliyonirudisha mlangoni nikasalimie upya. Ningelimshika yule kijana shingo. Ulinizuia ukiwa umekaa huko kwenye cherehani yako.

Habari nyingine si nyingi. Bwana Kijiti alikuja jana bila kijiti, kutuma kifurushi cha mamake. Alitusalimia wote vizuri, na kijana mmoja kwenye foleni alipotoa simu kumpiga picha, akajifunika uso kwa kifurushi. Fundi viatu amepata wateja wengi mno, lakini harushi tena. Muda wa mapumziko umekwisha na karani wa vifurushi ananiita, kwa hiyo nakomea hapa.

Wasalimie wanafunzi wako, uwaambie wasikufiche simu zao, umeshajua yote. Msalimie jirani, na jogoo pia, maana sasa ni mtu maarufu. Bibi Mkuu anakusalimu sana, na mama wa Bwana Kijiti anasema goti lipakwe mafuta ya moto kabla ya kulala. Na fundi redio, dada, kama siku hizi mbili tatu amekuja dukani amevaa suruali nzima, isiyochanika popote, basi ujue amesikia. Usimkimbie. Mpe kiti, umsalimie taratibu, ufike hadi kwenye mvua.

Mdogo wako akupendaye,
Sanamu ya Posta